Syrah na Shiraz: zabibu moja au mbili? (Orodha ya vinywaji ya mgahawa, Kigoma)

Mtupa Nyavu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa orodha ya vinywaji ya mgahawa mdogo ulio kando ya ziwa hapa Kigoma. Upande wa mvinyo mwekundu msambazaji ameleta chupa nne za majaribio: Shiraz ya Barossa kutoka Australia, Shiraz ya Stellenbosch, Syrah ya Swartland (hizi mbili za Afrika Kusini), na Crozes-Hermitage ya Ufaransa ambayo lebo yake haitaji zabibu kabisa. Anasisitiza kwamba zote nne ni zabibu ile ile.

Ulimi unakataa. Ya Barossa ni nzito, nyeusi, tamutamu, kama jemu ya zambarau. Ya Ufaransa ni nyepesi, ina pilipili manga iliyosagwa muda huo huo, na kwa mbali kuna harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Za Afrika Kusini zimekaa katikati, lakini nazo hazifanani.

Naomba kuelezwa: zabibu moja inatoaje vinywaji vilivyoachana hivi? Nikiona lebo tu, bila kufungua, nitajuaje kilichomo? Na kwa chakula cha huku, yaani migebuka, kuhe, mishkaki ya mbuzi na mboga za mawese, nipange ipi na nini?

---

Kitako cha Pipa

Mkuu, msambazaji wako kasema kweli. Ni zabibu moja. Wafaransa huiita Syrah, Waaustralia huiita Shiraz, na Afrika Kusini mtengenezaji anaruhusiwa kuandika jina analotaka. Kwa kuwa anachagua, jina limegeuka kuwa ishara: anayeandika Syrah kwa kawaida anakuambia ameelekea Ufaransa, pilipili na wepesi, anayeandika Shiraz ameelekea Australia, matunda yaliyoiva sana na uzito mdomoni. Si sheria, ni desturi, na wapo wanaoivunja. Lakini ukiwa dukani bila kufungua chupa, ndiyo dalili yako ya kwanza.

Dalili ya pili ni kiwango cha kilevi, kile kiasilimia kidogo ambacho watu hawakisomi. Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, kwa kawaida iko kati ya 12.5 na 13.5. Barossa utakuta 14.5, wakati mwingine 15. Namba hiyo inakusimulia jua lote lililopiga shambani: jua likiwa kali sukari inapanda kwenye zabibu, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Ukiona 13 kwenye chupa iliyoandikwa Shiraz, tegemea kitu chepesi kuliko jina lake.

Sasa hiyo pilipili manga. Si ndoto wala maneno ya wauzaji. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa pilipili manga ya jikoni harufu yake. Hukaa zaidi kwenye ganda la zabibu. Shamba likiwa na ubaridi, kivuli na uivaji wa polepole, inakuwa nyingi. Mashada yakipigwa na jua na joto kali, inapungua. Crozes iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, kwenye bonde linalopigwa na upepo baridi. Barossa iko nyuzi 34 kusini, kiangazi chake kikavu na cha moto. Hapo umeshapata nusu ya jibu.

Angalizo kwa wahudumu wako: takriban mtu mmoja kati ya watano haisikii rotundoni kabisa, hata ikiwa nyingi. Kabla hujamlaumu mhudumu kwamba hajui kuonja, mtwangie punje tano za pilipili manga anuse. Asiyesikia kitu pale, usimpe kazi ya kumweleza mgeni habari za Crozes.

Nusu nyingine ya jibu ni mavuno na pipa. Syrah ina tabia ya kunywea: punje zikichelewa shambani hupoteza maji na kuanza kujikunja, na kilichobaki ndani kinakuwa kizito. Mkulima wa Barossa akichelewesha mavuno siku chache, tayari ana ile jemu yako. Halafu wengi wao wamezoea mapipa ya mwaloni wa Marekani, ambao huachia vanila na nazi kwa nguvu. Mwaloni wa Ufaransa ni mpole zaidi. Na wapo wanaokwepa mwaloni mpya kabisa: Swartland utakuta wengi wanatumia mapipa makubwa ya lita 500 yaliyokwisha tumika, ili mbao isiseme kuliko zabibu. Mizabibu mingi ya kule ni vichaka vifupi visivyotambazwa kwenye waya wala kumwagiliwa. Wengine huchachusha mashada na vikonyo vyake, ndipo unapopata ile harufu ya majani makavu na ukakasi unaokaa kwenye ufizi. Ya Stellenbosch kwa kawaida huwa na pipa jipya zaidi, kwa hiyo chokoleti na kahawa kidogo.

Jambo moja usiliandike kwenye orodha yako: kwamba ya Barossa ni "tamu". Nyingi za daraja la kati na juu ni kavu, sukari iliyobaki ni chini ya gramu 4 kwa lita. Unachokisikia kama utamu ni kilevi kingi, vanila ya pipa na tunda lililoiva kupita kiasi, vyote vikiudanganya ulimi. Mteja aliyezoea dompo akisoma "tamu" ataagiza, na chupa itarudi. Andika "kavu, nzito, tunda lililoiva". Za bei ya chini kabisa ndizo huachiwa sukari makusudi, hizo ni hadithi nyingine.

---

Binti wa Nguruka

Naongezea kwenye lebo, maana hapo ndipo watu wanapoangukia.

Kaskazini mwa Rhône hawaandiki zabibu, wanaandika mahali, na mahali pakishatajwa zabibu inajulikana: nyekundu zote za eneo hilo msingi wake ni Syrah. Mtupa Nyavu, yakariri majina haya: Côte-Rôtie, Hermitage, Cornas, Saint-Joseph, Crozes-Hermitage. Cornas ni Syrah tupu, kali, inataka miaka. Hermitage ni kilima kimoja kidogo cha matale, ghali. Crozes inazunguka hicho kilima, sehemu yake kubwa ni tambarare ambako kazi ni rahisi, ndiyo maana bei inashuka. Kwa mgahawa, Crozes na Saint-Joseph zinatosha. Kanuni zao zinaruhusu kuchanganya zabibu nyeupe kidogo. Kwenye Côte-Rôtie hata asilimia 20 ya Viognier, ingawa wengi hawafiki hata nusu ya hapo. Huchachushwa pamoja, na ajabu yake ni kwamba hiyo nyeupe husaidia rangi nyekundu ishike badala ya kuififisha.

Mitego mitatu. Ukiona "Côtes du Rhône" peke yake, usidhani ni Syrah. Nyingi zinatoka kusini na mwenye nyumba pale ni zabibu nyingine, Grenache. Ukiona "Petite Sirah" ya California, hiyo si Syrah ndogo, ni mtoto wake: zabibu iitwayo Durif, iliyozaliwa na Syrah na Peloursin. Nyeusi kama wino na ukakasi wake unakausha mdomo. Na hata chupa iliyoandikwa Shiraz waziwazi inaweza kuwa na asilimia 15 ya zabibu nyingine ndani. Australia, Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya wote wanadai asilimia 85 tu ili jina liandikwe.

Halafu mgeni akikwambia zabibu hii ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi, mwache amalize, kisha mhudumie. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilionyesha wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, wote wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Vipando vyake vilifika Australia mwaka 1832 pamoja na mkusanyiko wa James Busby, mtaalamu wa mizabibu. Na kwa kuwa kidudu cha filoksera kilichoiangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 hakijawahi kufika jimbo la Australia Kusini, ilipo Barossa, huko kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 ambayo bado inazaa. Kwa maana hiyo mizabibu mikongwe zaidi ya Syrah hutaikuta Ufaransa.

---

Mtupa Nyavu

Ahsanteni sana. Dada, hilo la majina ya mahali limenisaidia mno.

Sasa suala la kuhudumia. Vitabu vyote vinasema nyekundu inywewe "joto la chumba". Chumba cha Kigoma saa nane mchana ni nyuzi 29.

---

Barafu Nusu

Hicho chumba kinachosemwa kwenye vitabu ni cha Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha nyumba. Nyuzi 17 hivi. Usikifuate cha kwako.

Ukimimina Shiraz ya asilimia 14.5 ikiwa na nyuzi 29, kilevi kinaruka puani kabla ya tunda, kinywaji kinaonekana kimevurugika, na mgeni anasema mvinyo wako mbaya. Mvinyo hauna kosa. Lenga nyuzi 16 hadi 18 kwa Barossa na Stellenbosch, 14 hadi 16 kwa Crozes na Swartland. Zikishuka chini ya 12, ukakasi unajitokeza kama ndizi mbichi na harufu inajificha, kwa hiyo usizigandishe kama bia.

Namna ya kufika hapo: kwenye friji ya kawaida, chupa iliyokuwa na nyuzi 28 inahitaji saa moja hadi saa moja na nusu. Ukiwa na haraka, ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, dakika 10 hadi 15. Maji ni lazima. Barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu, katikati kunabaki hewa, na hewa haivuti joto upesi. Mimina mililita 125 kwa glasi, usijaze. Hewa ya ufukweni inaipasha moto glasi ndani ya dakika chache, afadhali kuongeza mara ya pili. Hapo chupa ya mililita 750 inakupa glasi sita.

Kuhifadhi: kamwe usiweke juu ya friji wala kwenye rafu ya jikoni. Weka sakafuni, chumba cha ndani kisicho na dirisha la magharibi, ndani ya katoni zake. Zenye kizibo cha gome zilale ili gome lisikauke. Zenye kifuniko cha kuzungusha hata zikisimama hazina neno, na kwa joto la huku ningechagua hizo kwanza. Gunia lililoloweshwa juu ya katoni linapoza vizuri kiangazi hewa ikiwa kavu. Masika halisaidii, linaleta ukungu kwenye lebo tu.

Na kagua mzigo ukishushwa. Toka Dar hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwenye lori chini ya turubai joto ni balaa. Kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa, utomvu unaonata chini ya karatasi ya shingo, au kiwango kilichoshuka chini kuliko chupa nyingine za katoni hiyo hiyo: rudisha papo hapo kabla hujasaini. Mvinyo uliopikwa na joto unanuka matunda yaliyochemshwa, na hakuna barafu itakayourudisha.

---

Mkata Matawi

Mbona mnapita Dodoma kama treni ya usiku? Syrah inalimwa pale pia, pamoja na Cabernet Sauvignon, Chenin Blanc na ile nyekundu ya Makutupora. Mgeni wa Kigoma akiuliza "ya kwenu iko wapi", mtamjibu nini?

Ila lazima uielewe kwa hesabu yake. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mwinuko wa kama mita 1,100. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza: anakata matawi, macho yanachipua upya, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Agosti na Septemba yanaivia kwenye ukame, zabibu inakuwa safi na sukari inakusanyika. Yale ya Februari na Machi yanakutana na mvua: punje zinavuta maji, ladha inapooza, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanaingia shambani. Zabibu ni hiyo hiyo, shamba ni hilo hilo, ila ni vinywaji viwili. Muulize muuzaji chupa inatokana na mavuno yapi. Akijua jibu, nunua kwake.

Pilipili usiitegemee sana, kwa sababu alizokwisha eleza Kitako cha Pipa: jua ni kali na zabibu inaiva haraka. Tegemea zambarau na forosadi, uchachu wa wastani. Soma lebo kwa makini kuona kama ni kavu au imeongezwa utamu, maana soko la ndani linapenda tamu na viwanda vinalijua hilo.

Kabla hamjauliza: Kigoma mvua ni nyingi kuliko Dodoma, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, na unyevu wa ziwa upo. Ubwiri utakula majani. Mavuno ya mwisho wa kiangazi yangewezekana, lakini bila kupulizia dawa kwa ratiba msimu wote wa mvua hutakuwa na majani ya kukufikisha huko.

---

Mawese Mekundu

Kwenye chakula naona mmekwepa swali, na ndilo gumu.

Mgebuka na Shiraz ya Barossa usivikutanishe. Mvinyo mwekundu una chembe za chuma. Zikigusana na mafuta ya samaki zinazalisha harufu ya samaki wa jana na ladha ya kulamba sarafu. Samaki mwenye mafuta mengi ndiyo mbaya zaidi, na dagaa wakavu ndio usiseme. Kwa samaki weka nyeupe. Mgeni aking'ang'ania nyekundu, mpe Crozes iliyopozwa mpaka nyuzi 14, na samaki awe kuhe wa kuchoma mkaa, si wa mchuzi; moshi na ndimu vinasaidia.

Mishkaki ya mbuzi ndiyo ndoa yake. Mafuta ya nyama yanalainisha ukakasi, na pilipili manga ikiwemo kwenye viungo inaita ile ya kwenye glasi. Stellenbosch hapo. Barossa ipeleke kwa nyama ya kuoka yenye mchuzi mzito, au mbavu zilizopakwa asali ya Tabora kidogo zikaungua pembeni. Angalia pilipili kichaa tu: kilevi cha asilimia 15 juu ya pilipili mbuzi ni moto juu ya moto, mgeni hatasikia tunda wala nyama. Mhudumu aulize "unakula na pilipili?" kabla hajapendekeza chupa.

Mboga za mawese: Swartland. Mawese yanaupaka ulimi mafuta, unahitaji uchachu wa kuyaosha na ule ukakasi wa vikonyo. Barossa ikikutana na mawese vyote viwili vinakuwa uji.

---

Kitako cha Pipa

Mama, nakubali yote isipokuwa kuhe. Hata wa mkaa, mimi ningempelekea nyeupe na kumaliza mjadala. Mbona Chenin Blanc ya Dodoma ipo?

---

Mawese Mekundu

Nimesema "aking'ang'ania". Wewe hujahudumia wageni wa Krismasi.

---

Mtupa Nyavu

Hahaha. Swali la mwisho wakuu: ile Syrah ya Swartland nilipoifungua ilinuka kiberiti kilichowashwa, na kama mpira kidogo. Ina kifuniko cha kuzungusha. Imeharibika?

---

Kitako cha Pipa

Pengine haijaharibika. Syrah ina ugonjwa huo kuliko zabibu nyingi: wakati wa kuchachuka, chachu ikikosa naitrojeni na hewa ya kutosha inatoa harufu za salfa, na kifuniko cha kuzungusha kinapitisha hewa kidogo mno kiasi kwamba zinabaki humo. Imimine yote kwenye jagi kutoka juu, kwa fujo, usiibembeleze. Iache dakika 20. Bado inanuka, tikisa jagi tena na udumbukize sarafu safi ya shaba halisi dakika moja. Shaba inaikamata salfa. Sarafu za siku hizi nyingi zimepakwa shaba juu tu, kwa hiyo kipande cha waya wa umeme uliovuliwa plastiki na kusuguliwa ukang'aa ni bora zaidi. Kisha kitoe, usikisahau humo.

Usichanganye na harufu ya katoni iliyolowa au chumba chenye ukungu. Hiyo inatoka kwenye kizibo cha gome, jagi haliiondoi, bali inazidi kadiri mvinyo unavyokaa. Hiyo ndiyo ya kurudisha kwa msambazaji, ikiwa na kizibo chake na mvinyo uliobaki ndani. Ikinuka jasho la farasi au plasta ya kidonda, ni chachu mwitu iliyoingia kwenye pipa. Kidogo wengine wanaipenda, hasa kwenye za Rhône za zamani, ila kwa mgeni anayelipa usibahatishe.

---

Barafu Nusu

Na za kuuza kwa glasi: tafuta chupa tupu za mililita 375 zenye kifuniko cha kuzungusha, zioshe kwa maji ya moto bila sabuni, zikauke. Ukifungua chupa nzima, nusu ijaze humo hapo hapo hadi mdomoni kabisa, funga, weka friji. Adui ni hewa iliyobaki juu, kwa hiyo usisubiri usiku ndipo uhamishe mabaki. Crozes itakaa siku tatu, Barossa nne. Andika tarehe kwenye plasta shingoni, na itoe friji dakika 20 kabla ya kumimina.